Mita Sabini Juu ya Zizi

Mwulize Matonya wa Zuzu habari za mvua, atakujibu habari za zizi la baba yake. Ndivyo alivyo, hata wakwe zake wamekwisha kumzoea. Atakueleza ndama walivyolilia mama zao alfajiri, na harufu ya samadi iliyolowa umande, enzi zile ambapo Ugogo nzima hapakuwa na mtu aliyejua reli ni mdudu gani. Anayakumbuka hayo mpaka kifua kinamuuma.

Zizi lile ndilo lililokuwa kaburi lake. Mzee aliusia azikwe katikati ya ng'ombe wake, kama wenye mifugo walivyozikwa, na Matonya, mwanawe wa kwanza, aliahidi kwamba hatasumbuliwa.

Ndipo wakaja wapimaji wa Mdachi. Bwana mpimaji akapigilia kigingi upande huu wa zizi na kingine upande ule, akataka mnyororo wa kupimia unyooshwe katikati. Matonya akasimama mlangoni na mkuki. Alikwisha kuona kwa majirani: mnyororo ukipita, shamba limekwenda. Kwake yeye, mnyororo ndio uliokula ardhi. Basi juu ya baba yake haupiti, liwalo na liwe.

Aliyepoza mambo ni Hasani, Mrangi wa Kondoa, mvuta mnyororo aliyekuwa na maneno marefu kuliko mnyororo wenyewe. Alinong'ona na bwana wake, kisha wakaenda kwenye kichuguu kando ya zizi, mahali vigingi vyote viwili vilipoonekana. Kutoka hapo hadi kigingi cha kwanza wakapima mita themanini. Hadi cha pili, hamsini. Bwana akachungulia darubini, akasoma pembe kati ya njia hizo mbili: digrii sitini.

"Anafanya nini?" Matonya akauliza.

Hasani akashika fimbo mbili, akagusanisha ncha zake. "Tazama, ndugu yangu. Nikizipanua huku, kule mbele zinaachana. Nikizibana, zinakaribiana. Ukijua urefu wa fimbo na upana wa pembe, nafasi ya kule mbele haina pa kujificha. Bwana anazidisha themanini kwa themanini, na hamsini kwa hamsini, anajumlisha. Halafu anapunguza kile pembe inachodai; kwa pembe hii ni themanini mara hamsini. Kinachobaki ni sabini mara sabini."

"Kwa hiyo zizi ni mita sabini."

"Na hakuna aliyelikanyaga."

Matonya alifurahi, jamani. Akawachinjia beberu, akawakamulia maziwa, wakacheka na Hasani mpaka jua likatua. Hata leo, ukimwuliza siku tamu ya maisha yake, huitaja hiyo hiyo.

Kiangazi kilichofuata wakaja watu wa majembe, wakaanza kung'oa ua wa miiba. Matonya akamkimbilia Hasani, aliyekuwa pamoja nao.

"Si mnyororo haukupita?"

"Haukupita," Hasani akasema, akitazama chini. "Lakini reli inafuata mstari ulionyooka, ndugu yangu. Zile sabini zilikuwa za reli."

Walimruhusu ahamishe mifupa. Akakataa, wosia ni wosia. Ng'ombe wakahama, mzee akabaki chini ya tuta la reli.

Siku hizi Matonya hupanda gari moshi akienda gulioni Dodoma. Likishatoka Zuzu kidogo, huinuka, huvua viatu vyake vya ngozi na kuvishika mkononi. Abiria humwambia akae, ataanguka. Hakai. Husimama peku, akiyumba na behewa, mpaka amalize kupita juu ya baba yake.