N ni Ndio

Kidole cha Erastus Ndeti kilikuwa juu ya herufi N, nami nilikuwa nikikiombea kishuke. Nilisali kabisa, macho wazi, nimesimama kando ya skrini katika ukumbi wa kanisa mjini Machakos, mbele ya walimu wakuu arubaini waliokuja kuonyeshwa namna shule isiyo na kitu inavyoweza kutumia Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwaka wa elfu mbili na sita. Herufi hiyo nilikuwa nimeingoja miezi kumi na minne.

Baba yangu, Mwalimu Masila, alifundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, kisha akastaafu nyumbani kwetu Katelembo na kuanza kazi aliyoiita kazi yenyewe. Kila wiki alikwenda Wamunyu kukaa na wachongaji wazee, akiandika majina ya miti kwa Kikamba: mukau, muuku, kiatine, na kila alichoambiwa juu ya mti huo, ukiwa mbichi, ukikauka, ukigoma mbele ya tezo. Miaka minne aliyachapa hayo kwenye kompyuta kuukuu kwa vidole viwili. Katika miaka hiyo wazee wawili walifariki, na waliyoyajua yakabaki ndani ya mashine ile tu.

Virusi vilipoishika kompyuta, tuliibeba mimi na yeye hadi ofisi ya Ndeti. Ndeti alikuwa na kisakinishi, programu ya kuingizia Linux kwenye kompyuta, na sifa yake ilikuwa kwamba kinazungumza Kiswahili. Kila neno alilitafsiri mwenyewe na hakuchoka kutuambia. Alikiwasha kwenye kompyuta ya baba, akamketisha mbele ya skrini ajionee. Wanaume watatu waliokuwa wakingoja zamu yao walisogea kutazama.

Skrini ikauliza: *Futa diski yote? N/H.*

N ya Ndio, H ya Hapana. Baba akataka kukataa, akabonyeza N. Kiswahili alikuwa nacho kichwani kuliko sisi sote, lakini vidole vyake vilikuwa vimefunzwa na kompyuta za Kiingereza, ambazo N yao ni No. Kufumba na kufumbua, majina yote ya Wamunyu yalikuwa yamekwenda.

"Lakini mzee, si imeandikwa hapo?" Ndeti alisema. "N ni Ndio. Mwalimu mzima wa Kiswahili, na huwezi soma Kiswahili?"

Wale watatu wakacheka. Baba alikaa kwenye benchi kuanzia saa nne hadi saa saba, kofia magotini, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Tulipoinuka kuondoka Ndeti alimpiga bega: "Maji yakimwagika hayazoleki, mzee." Baba hakuandika tena hata barua.

Mimi roho ilinichemka na sikutaka ipoe. Siku hizo nilikuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo huko EPZ, eneo la viwanda la Athi River, kazi yangu kuvuta mishono ya suruali, mamia kwa siku, niione itakayokatika kabla mnunuzi hajaiona. Diploma yangu ya kompyuta ilikuwa imelala kwenye bahasha. Niliitoa, nikaacha kiwanda, nikamwendea Ndeti kuomba kazi. Kwenye kitambulisho mimi ni Pauline Kavindu Mutiso. Mutiso ni babu; jina la Masila halimo. Ndeti alinitazama usoni asinikumbuke. Akaniuliza ninajua nini.

"Najua kuvuta mshono," nilimwambia. Akacheka, akaniajiri.

Niliingia kumwangamiza, nikakuta kwanza nina kazi ya kufanya. Mle ofisini, kukijaribu kisakinishi kulimaanisha kuchoma CD, kutafuta kompyuta isiyo na mwenyewe, kuifuta na kungoja saa nzima. Kwa hiyo hakuna aliyejaribu. Yasin, mwenzangu, ambaye baba yake ana duka la vitambaa karibu na msikiti, aliniambia, "Hapa sisi hutest na mteja, Pauline."

Nikatengeneza diski ya uongo, faili kubwa lililojifanya diski. Kisakinishi kililigawa, kililifuta, kilijisifu kimemaliza, na kumbe hakikugusa kitu. Kisha nikaandika orodha ya majibu ili programu ijibonyeze yenyewe bila mtu kukaa mbele yake. Saa nzima ikawa dakika tatu. Hapo nikaanza kuvuta mishono. Saa ya kompyuta ilirudi nyuma saa tatu. Mtu akiandika jina lenye ng' kila kitu kilikwama. Nilirekebisha makosa kumi na tisa na, Mungu anisamehe, niliipenda kazi ile.

La ishirini lilikuwa N. Nilipolitafuta kwenye kumbukumbu za ofisi nilikuta Yasin amekwisha kuliripoti, nusu mwaka kabla ya siku ya baba: *Watu wanadhani N ni No. Watajifutia vitu vyao.* Chini yake Ndeti alikuwa ameandika neno moja na kulifunga jambo: *Wasome.*

Nililisoma neno lile mara nyingi. Alijua. Alijua, na bado akamcheka baba yangu.

Hata hivyo nilimpa nafasi, nisije nikajidanganya baadaye kwamba hakuwa nayo. Mara mbili nilimpelekea marekebisho: tuondoe herufi, anayetaka kufuta aandike neno zima, FUTA. Mara mbili alikataa. "Kitabu cha maelezo kishachapishwa," alisema. "Na wewe, Pauline, unapenda sana kutafutia watu makosa."

Asubuhi ya ukumbini nilikuwa na CD mbili mkobani. Zote zilikuwa na kisakinishi chake kama alivyokitaka, N/H. Moja ingefuta diski ya kweli. Nyingine ingefuta diski yangu ya uongo, na mtu asingeona tofauti.

Alipomaliza kujisifu, mwalimu mkuu mmoja aitwaye Kalunde aliinua mkono. "Na kama niko na barua zangu humo ndani, si zitapotea?"

"Haiwezi, madam. Inauliza kwanza."

"Waonyeshe na laptop yako, bosi," nikasema. "Wakiona ni yako wataamini." Nikamkabidhi CD.

Swali likatokea ukutani, herufi kubwa. Ndeti akawageukia watu wake huku akitabasamu. "Sasa hapa mimi nasema tu *No*," akasema, na kidole kikashuka.

*Inafuta diski.*

Alichomoa waya. Betri ikaendelea kuilisha mashine. Akaipindua laptop, akaikwaruza kwa kucha hadi betri ikatoka, na ukumbi mzima ukawa unatazama mgongo wake. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Niliinama karibu na sikio lake, lakini sikupunguza sauti.

"Si imeandikwa hapo, bosi? N ni Ndio."

Kalunde ndiye aliyecheka wa kwanza.

Watu walipotoka, Ndeti alibaki kwenye benchi, laptop magotini. Yasin alinitazama, nikamtikisia kichwa anyamaze. Nilimwacha akae. Nilipanga viti, nikafagia, nikatazama saa yangu. Ilipofika saa saba kamili nikamwambia arudishe betri na kuwasha.

Vitu vyake vyote vilikuwapo. Machozi yalimtoka mbele yangu na sikumwonea haya wala huruma. Ningemfutia kweli angepata kilio chake na mtu wa kulaumu. Nilitaka akose hata cha kulilia.

"Hii ilikuwa nini?" aliuliza.

"Majaribio."

Wiki hiyo aliyakubali marekebisho. Nililiwekea kosa lile jaribio lake, litakalokipima kisakinishi kila kinapobadilishwa, nikalipa jina. Tangu hapo hakuna CD iliyotoka ofisini humo kabla skrini haijaandika: *masila: sawa.* Ndeti aliusoma mstari huo siku ya kwanza na kukunja uso.

"Masila ni nani?"

Hakuwa akinichezea. Alikuwa amesahau kabisa.

"Ni mwalimu wa Kiswahili," nilisema, nikachukua mkoba wangu na sikurudi tena.

Jumamosi nilimsimulia baba yote, nikimwigiza Ndeti na betri yake. Nilitegemea acheke. Alikuwa akimwagilia miche ya mukau, na hakuweka mkebe chini.

"Yake ilirudi?" aliuliza.

"Ilirudi."

Akasogea kwenye mche uliofuata. "Yake ilirudi," alisema, akiuambia mche zaidi kuliko mimi.

Baba ametuacha miaka mitatu sasa. Ile CD nyingine, ya kufuta kweli, ningali nayo.