Petroli ya Bomba Jekundu

Foleni ilikuwa imefika barabarani, na mwanamke wa pampu ya pili hakuwa amepata hata nafasi ya kunywa maji. Bei mpya zilianza kutumika asubuhi hiyo. Kila dereva aliyeteremsha kioo alitazama kwanza ubao wa bei, kisha akamtazama yeye kana kwamba ndiye aliyezipandisha.

"Nitie ya bomba jekundu?" alimuuliza kila mmoja, kama walivyoagizwa. "Inakwenda mbali zaidi."

Maneno hayo yalikuwa ya meneja. Petroli ya bomba jekundu ilikuwa ghali kuliko ya kawaida, na faida yake kwa kituo ilikuwa nono. Meneja aliwaambia wahudumu wote kwamba atakayeuza kidogo kuliko wenzake asishangae zamu zake zikipungua. Lakini fundi wa kampuni, aliyewafundisha kazi walipoajiriwa, alikuwa amewaambia jingine. Alisema petroli hiyo, yenye okteni kubwa, ni ya injini zilizoundwa kwa ajili yake. Ukiitia kwenye gari la kawaida haidhuru, ila haikupeleki mbali zaidi. Fundi alishaondoka. Meneja alikuwapo.

Jua lilipokuwa utosini, gari jeupe lililokwaruzwa ubavuni likasimama mbele yake. Dereva alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Aliendesha teksi ya mtu. Jioni tajiri mwenye gari alitaka hesabu yake ya siku kamili, bei ipande isipande, na siku hizi shemeji alikuwa akirudi nyumbani na uchovu tu.

"Habari za kazi, shemeji?"

"Nzuri. Dada hajambo?"

"Hajambo, kikohozi tu. Leo nipe ya bomba jekundu."

Mwanamke aliinama dirishani, akajifanya anafuta kioo. "Chukua ya kawaida," alisema kwa sauti ya chini.

"Wenzangu kijiweni wanasema nyekundu ndiyo inayokaa. Mmoja ameapa kabisa."

"Wacha aape. Gari lako halijui tofauti. Hata kwenye kifuniko cha tangi waliolitengeneza wameandika, petroli ya kawaida. Utalipa zaidi, na utafika palepale."

Shemeji aligeuza shingo. Kwenye pampu ya jirani gari kubwa jipya lilikuwa likitiwa nyekundu, mwenyewe ameegemea mlango anaongea na simu.

"Yule mbona hamjamwambia?"

"Yule si shemeji yangu."

"Au hili langu ni bovu mno kwa mafuta ya wakubwa?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema halijui tofauti."

Wa nyuma akapiga honi. Meneja akatoka ofisini, kalamu sikioni, akauliza kuna nini.

"Hakuna kitu, bosi," shemeji alisema huku akicheka, kama mtu anayetafuta wa kumuunga mkono. "Mimi nataka nyekundu, huyu ananiambia natupa pesa, eti haiendi mbali kuliko nyingine. Hebu tuamulie."

Hakuwa na ubaya moyoni. Alitaka tu aambiwe kwamba hajakosea.

"Hujakosea, kaka," meneja alisema. "Injini yenyewe itakushukuru." Akachukua bomba jekundu akamtilia kwa mkono wake. Alipomaliza akamgeukia mwanamke. "Njoo ofisini."

Ofisini hakupandisha sauti. Alimwambia avue sare, aende nyumbani, akihitajika atapigiwa simu.

"Nimesema uongo gani?" mwanamke aliuliza.

"Nani kasema umesema uongo?" Meneja alikuwa tayari anatazama foleni kupitia dirishani. "Nilikuajiri uuze."

Alikunja sare vizuri, akaiweka juu ya kiti, akatoka na mkoba wake. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara. Shemeji alimfungulia mlango wa mbele.

"Sikujua, shemeji. Nilidhani tunaongea tu."

"Najua."

"Sasa dada yako nitamwambia nini?"

"Mwambie leo nimetoka mapema."

Wakaondoka. Abiria wawili walipunga mkono njiani, shemeji akawapita. Mwanamke alitaka kumwambia asimame, kwamba hasara moja inatosha, lakini hakusema.

Walipofika juu ya kilima, shemeji aliweka gia huru, akazima injini, kama wafanyavyo madereva wote wa pale kuokoa mafuta. Gari likaanza kuteremka lenyewe. Usukani ulikuwa mgumu. Aliushika kwa mikono yote miwili, mishipa imemtoka. Kilichosikika ni matairi juu ya lami.

"Lakini unaliona?" alisema bila kumtazama. "Limekuwa jepesi."

Mwanamke aliliona jasho likimtiririka shemeji shavuni.

"Limekuwa jepesi, shemeji," alijibu.

Chini ya mteremko, barabara ilipoanza kupanda tena, shemeji akawasha injini.