Mgeni Aliyeanua Nguo

Umewahi kubisha hodi kwenye mlango wa chumba unacholala mwenyewe, ukasimama nje na kungoja uambiwe karibu? Kama hujawahi, mshukuru Mungu, kisha usikie yaliyompata Bi Pasi na wifi yake.

Bi Pasi halikuwa jina la kuzaliwa. Alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hoteli alikofanya kazi ya usiku, maana shuka likipita mkononi mwake lilitoka limenyooka kama limepigiwa rula. Alikuwa mgeni katika nchi ile. Si mgeni wa jana. Alishajua duka lipi lina sabuni ya kweli na lipi lina chaki. Lakini bado, akisikia viatu vizito kwenye ngazi, moyo ulimruka kama chura.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Kitanda kimoja cha chuma, stuli moja, pazia la maua lililoficha jiko na vyombo, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Ukitoka mlangoni na kupanda ngazi chache zaidi, unafika kwenye paa bapa lenye kamba za kuanikia nguo. Basi. Hata panya angetaka kuhamia pale ingebidi ajipime kwanza.

Na humo walikaa watu wawili bila kugusana mabega. Wifi yake alifanya kazi ya mchana, kiwanda cha biskuti. Asubuhi Bi Pasi anapanda ngazi, wifi anashuka. Jioni wifi anapanda, Bi Pasi anashuka. Mmoja alikuwa na shuka la bluu, mwingine la mistari. Anayeingia anavua la mwenzake, analikunja, anatandika lake. Kitanda chenyewe hakikupata nafasi ya kupoa. Wifi aliacha biskuti zilizovunjika ndani ya kopo, Bi Pasi aliacha chai kwenye chupa. Maneno yao yote yalikuwa ya mlangoni: "Maji yamekatika." "Ufunguo unakwama, usukume kwa goti." "Haya, wifi, kazi njema."

Sasa usidhani uwifi wao ulikuwa wa kawaida. Kaka wa huyu binti ndiye aliyemwoa Bi Pasi, na ndiye huyohuyo aliyemwacha, akaoa kwingine, akanenepa. Watu wakasema uwifi umekwisha, kila mtu ashike njia yake. Lakini binti alipokuja kutafuta kazi katika nchi ile ile, na bweni la kiwanda lilipofungwa, hakumpigia simu mtu mwingine. Alimpigia Bi Pasi. "Wifi," alisema, "niko kituoni na begi." Bi Pasi akajibu, "Ngoja hapohapo, usimpe mtu begi lako." Hakuuliza swali lingine.

Taabu ilikuwa sheria. Nchi ile ilitaka kila mgeni aliyepanga nyumba aripotiwe ofisi ya mtaa: analala wapi, kwa nani, tangu lini. Na hawezi kujiripoti peke yake kama anayejitangazia ndoa. Lazima mwenye nyumba aende naye na kusema kwa mdomo wake, ndiyo, huyu analala kwangu. Mwenye nyumba wao walimwita Mzee Funguo, kwa lile rundo la funguo lililomlia kiunoni kama kengele ya mbuzi. Alipoambiwa habari ya wifi, alitikisa kichwa hadi funguo zikatikisika.

"Binti yangu, chumba kile nimekiripoti mtu mmoja. Mtu mmoja ni mtu mmoja. Nikienda kusema wamekuwa wawili, wataniuliza huyu wa pili ameota kama uyoga?"

Basi wifi akawa analala mahali ambapo kiserikali halali. Na kibali chake cha ukaazi kilikuwa kinakaribia mwisho. Hakuna makazi, hakuna kibali. Hakuna kibali, panda gari urudi ulikotoka. Na kule alikotoka hakukuwa na kazi wala mtu wa kumngoja, isipokuwa kaka yake na huyo mke mpya, na vijembe vyao.

Wiki ile, wakipishana mlangoni, wifi alisema huku anafunga kamba za viatu, bila kuinua uso, "Kuna mwenzangu kiwandani ana chumba upande wa pili wa mji. Mwenye nyumba wake anakubali kuniripoti. Nadhani nitahamia kule, wifi, nawe upate kupumua."

Bi Pasi alikuwa amesimama usiku kucha mbele ya mvuke. Macho yalikuwa yanamwasha. Akasema, "Sawa."

Wifi akashuka. Bi Pasi akatandika shuka la bluu, akalala chali, na usingizi ukakataa. Lile sawa lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka kusema nini? Alitaka kusema... Lakini utamwambiaje mtu asihame, wakati wewe huna cha kumpa ila nusu ya kitanda, na tena nusu ya mchana? Pengine binti amechoka kuishi kwa kujificha. Pengine anaona haya kukaa kwa mwanamke aliyeachwa na kaka yake. Bi Pasi akageukia ukutani. Kila siku alipopanda ngazi alisikiliza kwanza kama begi linaburutwa.

Siku yenyewe ilianza kwa mashine kuharibika. Mashine ya kiwanda, ile ya kukata biskuti, iligoma asubuhi ile, wafanyakazi wakarudishwa. Bi Pasi alikuwa ndiyo kwanza anavua gauni la kazi aliposikia ufunguo unakwama, goti linagonga mlango, na wifi yake huyo.

"He! Leo tumekutana wote wawili macho," alisema Bi Pasi. "Jua limechomoza wapi?"

"Mashine imekufa. Lala wewe, mimi nitakaa na stuli yangu."

Hawajamaliza hata hilo, wakasikia funguo zinapanda ngazi mbio. Mzee Funguo aliingiza kichwa, jasho limemjaa.

"Mkaguzi wa makazi yuko chini! Anapita chumba kwa chumba. Mmoja wenu apotee!"

"Apotee wapi, mzee? Ngazi ni moja!"

"Mimi nitajuaje? Apotee tu!"

Wifi hakungoja. Alichukua mkoba akapanda juu kwenye paa. Bi Pasi akabaki anazunguka chumbani kama kuku aliyeona mwewe. Shuka la mistari, chini ya godoro. Kopo la biskuti, nyuma ya pazia. Akaona miswaki miwili kwenye kikombe, na viatu vya mkaguzi tayari viko mlangoni. Akaunyakua mswaki mmoja, akautumbukiza kifuani.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na miguu iliyovimba. Alisalimu vizuri, akaketi kwenye stuli bila kungoja, akashusha pumzi.

"Nyumba zenu zina ngazi, dada! Haya. Unakaa hapa peke yako?"

Bi Pasi, kwa hofu, alikuwa amesimama wima. "Hapana, sijakaa, mama. Nimesimama."

Mkaguzi alimtazama juu ya miwani. Mzee Funguo, pale mlangoni, alifumba macho.

"Namaanisha unaishi."

"Aa, kuishi! Ndiyo. Naishi." Na mswaki ukamchoma.

Mkaguzi akaanza kuandika. Pengine yangeishia hapo, lakini mvua ina mambo yake. Ilianza ghafla, matone makubwa yakipiga dirisha. Bi Pasi akawaza paa lile halina hata bati la kujikinga. Akamwona wifi yake kwa macho ya moyo, amesimama katikati ya kamba za nguo, analowa kwa ajili ya nusu ya kitanda.

Mkaguzi naye akasema, "Nikimaliza hapa, nitaangalia na huko juu."

Kabla Bi Pasi hajapata la kujibu, sauti ikaita nje ya mlango.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti ya wifi, lakini imevaa nguo za kutokea. Bi Pasi akaitikia, "Karibu. Karibu, mgeni."

Mzee Funguo akasogea, na mgeni akaingia, nywele zinachuruzika. Mikononi amekumbatia furushi la nguo: aproni ya Bi Pasi, taulo, kanga mbili, na juu kabisa sidiria yake ya kahawia.

"Nimeona mvua," alisema wifi, na hapo ndipo mwenyewe alipoona alichobeba. Sauti ikamshuka. "Nikaanua."

Mkaguzi alitazama nguo, akatazama uso wa mgeni.

"Mgeni mwenye huruma," alisema. "Wa kwangu mimi huja kula tu."

"Keti, dada, keti," Bi Pasi alisema haraka, akampokea furushi na kulitupa kitandani. "Mama, utakunywa chai na wewe? Mvua hii huwezi kutoka."

Mkaguzi akakubali. Wifi akaketi ukingoni mwa kitanda, magoti pamoja, kama mchumba siku ya kutambulishwa. Bi Pasi akamimina chai, na kwa kuwa mwenyeji lazima aulize, akauliza.

"Za huko unakokaa?"

"Nzuri tu. Chumba kidogo, lakini si neno." Wifi alizungusha kikombe mkononi. "Shida ni mwenyeji wangu."

Kijiko cha Bi Pasi kilisimama. "Amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu. Ndiyo shida yenyewe. Mimi naingia, yeye anatoka. Nikilala nakuta kitanda bado kina joto lake, najiambia, haya, leo nimelala na mtu wa kwetu. Ananiachia chai. Lakini maneno hatuna. Sijui kama amenichoka."

"Pengine hajakuchoka."

"Nilimwambia nahama. Akasema sawa."

"Pengine alikuwa na usingizi."

"Sawa ni sawa, dada. Hata ya usingizi."

Mkaguzi alipuliza chai yake, akaonja, akakunja uso. Wifi, aliyelelewa vizuri na mama yake, aliona. Akainuka, akanyoosha mkono nyuma ya pazia la maua bila hata kuangalia, akatoka na sukari.

Ndipo mkaguzi akaweka kikombe chini.

"Mgeni ameanua nguo, nikanyamaza," alisema. "Mgeni anajua sukari ilipo gizani, ningeweza kunyamaza pia. Lakini dada, huo mswaki ulioko kifuani mwako utakuchubua."

Mzee Funguo alianza kusema hakujua, hakuambiwa, yeye ni mtu mzima ana presha. Mkaguzi akamwinulia kiganja.

"Mzee, kwa kutoripoti, wewe na mimi tutaongea ofisini. Chumba kama hiki ni cha mtu mmoja, au watu wawili wa familia moja. Hukuambiwa?"

"Ya mtu mmoja niliambiwa," alisema Mzee Funguo polepole. "Ile 'au' sikuisikia."

"Basi ndiyo nauliza. Hawa ni familia?"

Wifi alikwisha kuuchukua mkoba wake. Alikuwa amesimama kati ya kitanda na mlango, maji yanadondoka kwenye sakafu. "Mama, usimsumbue huyu. Kosa ni langu. Yeye alikuwa mke wa kaka yangu, na kaka yangu alimwacha. Siwezi kudanganya. Mimi napita tu. Kuna mahali nahamia."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi.

"Fomu yangu haina mahali pa kuandika talaka za kaka za watu," alisema. "Kwangu mimi wifi ni familia, mpaka mmoja wenu aniambie si familia. Mwenyeji wako akikubali, kesho mnakuja ofisini wote watatu, na mzee huyu na funguo zake. Akikataa, naandika mtu mmoja, na wewe, binti, leo utafute pa kulala. Sasa. Nani anakataa?"

Mvua ilikuwa inapungua. Wifi hakumtazama mkaguzi. Alikuwa anamtazama Bi Pasi, kama mtu anayengoja kusikia neno lilelile kwa mara ya pili.

Bi Pasi akaingiza mkono kifuani, akautoa ule mswaki, akaurudisha kwenye kikombe kando ya mwenzake. Kisha akageuka.

"Kaka yako aliniacha," alisema. "Wewe hukuniacha. Siku ile nilisema sawa, na tangu siku ile sijalala, haikuwa sawa hata kidogo. Weka mkoba chini. Mimi sitaki upite, wifi. Nataka ukae."