Mizinga Pande Zote

Hakuna mtu aliyekuwa mbali na vita vile kama dobi, na hakuna aliyevipigana kwa bidii kama yeye. Kila asubuhi, kabla hajachomeka pasi, alimwaga kopo la vifungo juu ya blanketi la meza yake na kupanga majeshi. Kila dobi ana kopo kama hilo: vifungo vilivyokatika kwenye nguo za watu, na wenyewe hawana habari navyo. Vyeusi vilikuwa wavamizi, vyeupe vilikuwa wenye nchi. Kimoja chekundu, kilichotoka kwenye sweta la shule la binti yake, ndicho kilichokuwa mji alikokuwa akisoma huyo binti.

Binti mwenyewe mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana tangu aanze kusema hakuwahi kunyamaza. Alikuwa amekwenda ng'ambo kusomea udaktari wa mifugo, akawaacha baba na mama na nyumba iliyopoa kimya mpaka walijishtukia wakiongea na kuku. Halafu vita vikaanza huko huko. Baba mtu, ambaye siku zote taarifa ya habari aliivumilia tu akisubiri matokeo ya mpira, sasa akawa hawezi kumeza chai bila kujua nani kasonga mbele na nani karudi nyuma.

Aliyemfundisha vita alikuwa fundi viatu wa mlango wa pili. Huyo walimwita Jenerali, na msidhani cheo alipewa na jeshi lolote. Alikipata kwa mdomo. Maishani mwake hajashika silaha kubwa kuliko nyundo ya kugongea soli, lakini ukimsikia anavyosema "vijana wetu wameshika daraja", utaapa alilala na viatu vya kijeshi. Yeye ndiye aliyeanzisha grupu la simu la mtaa, akaliita Habari za Uhakika. Tangu lizaliwe grupu lile, sijui kama habari moja ya uhakika iliwahi kupita humo hata kwa bahati mbaya.

Zilipita video sasa! Majengo yanawaka, ndege zinapiga mbizi, jamaa mmoja mwenye kijiti na ramani anayepayuka kana kwamba wanaomsikiliza wote ni viziwi. Moja iliyowatoa machozi siku nzima ilikuja kujulikana ni mchezo wa kompyuta. Jenerali hakuona haya hata kidogo.

"Hata mchezo hutungwa na mtu anayejua," alisema, akatuma nyingine tano.

Dobi alizipokea zote na hakufuta hata moja. Aliona kuzifuta ni kama kumgeuzia mwanawe mgongo.

Mara ya mwisho Chiriku kupiga simu alisema mama mwenye nyumba wake anataka kumtoa mjini, vita vinasogea. Kisha kimya. Baadaye ikaingia sauti aliyorekodi, ndefu, ndefu kama alivyo mwenyewe. Dobi akabonyeza. Kakatokea kaduara, kakazunguka, kakazunguka, halafu simu ikaandika: imeshindikana. Akabonyeza tena na tena, akaifuta kioo kwa shati la mteja, akaitoa nje juani. Wapi!

"Wameshapiga minara ya simu," Jenerali alitoa hukumu bila hata kuitazama ile simu. "Ndiyo mambo yao."

Dobi moyo ukamshuka mpaka kwenye ndara. Akatazama kifungo chekundu, akakisogeza kidogo mbali na vile vyeusi. Jenerali alimwona, akamsaidia kukisogeza tena kidogo.

Hatimaye ikaingia sauti nyingine, fupi, nayo ikafunguka. Mke wa dobi aliacha maji yakichemka akaja mbio.

"Baba, tumefika salama," Chiriku alisema, na nyuma yake upepo ukipuliza. "Ila huku ni mizinga pande zote! Inavuma mchana kutwa, mpaka nimeizoea. Mtandao wa shida, msihangaike."

Ikakatika. Dobi alikaa chini, juu ya tenga la nguo chafu.

"Mizinga pande zote," Jenerali alirudia polepole, akiinamia meza. Akachukua vifungo vyeusi konzi nzima, akakizungushia kile chekundu. "Amezingirwa."

"Mbona anaongea kama anacheka?" mke wa dobi aliuliza.

"Shemeji, hiyo ni hofu. Askari wengi wakizidiwa hucheka."

"Askari gani uliyewahi kumwona wewe?"

Jenerali alikohoa, akakumbuka kuna kisigino kinamsubiri.

Lakini grupuni moto ulikuwa umeshawaka. Mizinga! Mmoja akasema ameona kwenye mtandao mizinga ya huko inapiga mpaka kuvuka mlima. Mwingine akasema hapana, inavuka milima miwili. Watu wakatukanana kwa ajili ya huo mlima wa pili. Shangazi yake Chiriku, dada wa dobi, anayeishi mji mwingine na ambaye huandika kwa herufi kubwa tupu kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde, aliandika: MTOTO WETU JAMANI. Zikafuata nyuso za kulia kibao.

Ujumbe wa pili ulikuwa wa maandishi. "Leo nimedungwa mara mbili. Jicho limefunga kabisa, ila sijambo. Wenyeji wananicheka."

"Wanamtesa," alisema Jenerali, sauti ikiwa chini safari hii, maana Chiriku alikuwa amekulia mlangoni pake, akichezea vibati vya rangi ya viatu. Alikuwa anampenda, huo ndio ukweli. Mdomo wake ulikuwa mkubwa lakini na moyo haukuwa mdogo.

"Mtu anateswa, halafu anapewa simu aandike kuwa sijambo?" mke wa dobi alisema. "Nyie wanaume hebu nipisheni." Alisema hivyo kwa ukali, kisha akaingia uani akalia huko, ili mumewe asimwone. Na mumewe alikuwa kwenye kamba za nguo uani huko huko, nyuma ya shuka, analia ili mkewe asimwone. Walikutana kwenye shuka hilo, wakafutia machozi kwenye pindo moja, na shuka la watu likafuliwa upya.

Ikaja siku ya ujumbe wa tatu. Dobi alikuwa amevua miwani, ananyoosha shati jeupe la bwana harusi, shati la kola ya wanga, lile ambalo hata kulipumulia ulikuwa unaogopa. Simu ikalia. Jenerali, ambaye siku hizi alishonea viatu mle mle dukani kwa dobi ili asipitwe, akaisoma kwa sauti.

"Malkia katoroka na kundi lake! Tunamsaka tangu asubuhi, moshi umenitoa machozi. Tukimpata nitawaambia."

Mke wa dobi aliuliza ile nchi ina malkia tangu lini.

"Haina," alisema Jenerali, akijikuna kisogo. Mtu mwingine angeishia hapo akakiri hajui. Yeye hapana. "Ni jina la kificho. Huyo ni kamanda mwanamke. Katoroka na kikosi chake, na wanaotumwa kumsaka..." Akaweka nyundo chini. "Ndugu yangu, mtoto wameshamvika magwanda. Wamemwingiza jeshini."

Dobi alimwona Chiriku wake, aliyekuwa akikimbia mende, amebeba bunduki kwenye moshi. Aliiona sura ile waziwazi mpaka akasikia na harufu ya moshi wenyewe. Ila moshi ulikuwa wa kweli. Pasi ilikuwa imelala mgongoni mwa shati la bwana harusi, imetulia tuli.

"Pasi!" alipiga kelele mkewe.

Alipoinyanyua, ilikuwa imeacha alama yake kamili, ya kahawia, ncha ikitazama kola. Duka zima likafuka. Jenerali, ambaye angewahi kutangaza hata nyumba yake ikiungua kabla ya kutafuta ndoo, alikuwa ameshaandika grupuni: "Jamani dobi kaunguza! Moshi duka zima!"

Wakafungua madirisha, wakapepea kwa magazeti. Dobi alisimama ameshika shati kwa mabega yake mawili, hajui alilie lipi. Na hapo simu ikalia tena. Safari hii ilikuwa mlio wa kupigiwa, ule wa picha.

Alipobonyeza, alitokea Chiriku, anahema, jicho moja limefura, na la pili linamwaga machozi.

"Baba! Umeungua wapi? Nionyeshe!"

"Nani kaungua? Wewe jicho lako nani kakupiga?"

"Nionyeshe mikono!"

"Wamekupeleka vitani?"

"Baba, mikono!"

Akaonyesha mikono, huku na huku, akaonyesha na viwiko. Chiriku alichuchumaa pale alipokuwa, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Shangazi kaniandikia, DOBI KAUNGUA, MOSHI DUKA ZIMA. Kwa herufi zake zile! Nimekimbia mpaka juu ya kilima, kule chini hufika maandishi tu, huku ndiko mtandao unakoshika."

Dobi na mkewe wakamgeukia Jenerali.

"Mimi niliandika kaunguza," alisema. "Kaunguza! Kama mtu hasomi mpaka mwisho, kosa langu liko wapi?"

"Ni shati ndilo limeungua, mwanangu," mama yake alisema, akalinyanyua shati mbele ya simu. "Baba yako mzima. Kakonda tu. Sasa tuambie wewe. Hiyo mizinga imewaacha salama?"

"Mizinga ipi?"

"Si hiyo iliyowazunguka!"

Chiriku aliwatazama kwa jicho moja, haelewi. Halafu akageuza simu yake. Mteremko wa majani ulitokea, miti imechanua, na chini yake masanduku ya mbao, safu kwa safu, mengine ya bluu, mengine ya waridi. Mzee mmoja mwenye kofia ya wavu usoni aliwapungia mkono. Wakasikia mvumo mzito, laini, usio na haraka.

"Mizinga ndiyo hii, Mama. Ya nyuki. Hawa ni wazazi wa mama mwenye nyumba wangu, wanafuga nyuki. Mzee kanifundisha mpaka kuwapulizia moshi, ila wananidunga kila siku, wenyeji wananicheka kwa kuwa sitaki kuvaa wavu. Na malkia tumempata! Alikuwa juu ya mti na nyuki wake wote, katulia kama hana kosa." Akarudisha uso wake, na sura ikatulia kidogo. "Vita vipo, Baba, sitakudanganya. Mjini sijui nitarudi lini. Lakini huku hakijafika kitu. Kwani sikuwaeleza yote kwenye ile sauti ndefu?"

Wa kwanza kushindwa kuzuia kicheko alikuwa mke wa dobi. Kilianza kwa mabega, kikashuka tumboni, mwisho akashika meza, akacheka mpaka vifungo vikaanza kuruka sakafuni, jeshi kwa jeshi. Dobi naye akafuata. Alicheka hana sauti, machozi yakimtiririka, akimwonyesha Jenerali kidole na kushindwa kusema.

"Jenerali," alipata pumzi hatimaye, "hao wanaovuma ni wa upande gani?"

"Upande wa asali," alijibu Jenerali kwa unyonge, na yeye pia akaangua kicheko, kikubwa kuliko vyote, akampungia Chiriku nyundo kwenye simu. Kisha akainama kuokota vifungo.

"Na shati la watu?" Chiriku aliuliza.

"La bwana harusi."

"Uwiii! Mwambieni asivue koti!"

Dobi hakukubali ujanja huo. Alikuwa na shati lake moja jeupe, halijavaliwa zaidi ya mara moja, na akaliona lingemtosha bwana harusi bila shida. Akalitoa sandukuni siku hiyo hiyo, akalinyoosha.

Ila kabla ya hapo, mkewe alikuwa amechukua simu ya dobi na kuigeuzageuza. Akabonyeza ile sauti ndefu. Kaduara kakazunguka, kakagoma. Akavaa miwani ya mumewe, akasoma kile ambacho hakuna mtu aliyejisumbua kukisoma chini ya hapo, kwa maandishi madogo.

"Nafasi imejaa," alisema. "Baba Chiriku, simu yako imejaa."

"Imejaa nini?"

"Vita."

Dobi alikaa juu ya tenga, akafuta video moja baada ya nyingine: ndege, majengo, mchezo wa kompyuta, jamaa mwenye kijiti na ramani yake. Zilipokwisha, akabonyeza tena. Kaduara kakazunguka, kakatoweka, na sauti ya mwanawe ikajaa duka.

"Baba, najua muda huu umekaa na Jenerali na umeshapanga vifungo. Usimsikilize, nisikilize mimi. Niko salama. Sasa ngoja nikueleze kuanzia mwanzo, na usinikatize..."

Akaeleza. Alieleza safari, na gari lililoharibika njiani, na mbwa wa wale wazee, na nyuki mmoja mmoja karibu awataje kwa majina. Dobi alinyoosha mikono ya shati, akanyoosha mgongo wake, akafika kwenye kola, na mtoto bado anaongea. Kifungo chekundu kilikuwa mfukoni mwake.

Jenerali, aliyekuwa amerudi mlangoni kwake, akachungulia na simu yake mkononi. "Ndugu yangu, umeona hii mpya? Wanasema mji ule—"

"Shhh!" dobi alimwinulia pasi. "Nasikiliza habari."