Tunga Sentensi

Kadi ilitua mezani, mbele ya Verna Pike.

"Tunga sentensi," alisema Janine, mtaalamu wa kurudisha usemi. "Kuangua kicheko."

Kwa miaka thelathini na minane Verna, mwalimu, aliwatungisha sentensi watoto wa ghuba yao, kaskazini mwa Newfoundland, kisiwa cha mashariki ya Kanada. Sasa, wiki ya sita tangu apigwe na kiharusi, maneno yalimtawanyika kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe. Na leo ndipo mambo yangeamuliwa: akishindwa, binti yake Glenys angeifunga nyumba na kumpeleka Alberta, magharibi mwa nchi, akazeekee ghorofani, mbali na kila aliyemjua.

"Ali... anguka," alisema. "Alianguka kicheko."

"Kuangua, Mama! Si kuanguka," Glenys alidakia. "Jamani, hata hilo?"

"Mwache atafute mwenyewe," Janine akasema.

Verna aliikazia macho kadi. Hakuiogopa tena Alberta. Aliogopa kwamba mle kichwani, maneno yalimokuwa yakikaa, mmebaki shimo tupu, na kwamba yeye ndiye wa mwisho kuambiwa. Akafumba macho. Akaliacha neno, akakitafuta kicheko chenyewe. Cha nani? Kilichovuma wapi?

Kikamjia.

"Glenys," alisema polepole, kama mtu anayekanyaga barafu changa. "Glenys aliangua... kicheko. Kanisani. Tulipomzika... baba yake."

Janine aliacha kuandika. Uso wa Glenys ulimwiva hadi masikioni.

"Ni kile kinanda," alinong'ona. "Kililia kama mbuzi. Nilijibana, Mama, nikashindwa. Nikajificha kwenye skafu. Mwaka wa ishirini huu, nikidhani hukunisikia." Akainua macho. "Ulinisikia?"

Verna alitaka kumwambia kwamba siku ile yeye mwenyewe, ili asicheke, aliuma glovu hadi meno yakakutana. Kwamba waombolezaji walidhani analia. Yote yalikuwapo, yamejazana kooni, yakisukumana, na hofu ikambana upya: yakitoka kombo, mwanawe ataelewa nini?

"Vizuri sana, Bi Pike," Janine alisema kwa upole, akitelezesha kadi nyingine mezani. "Tuendelee?"

Verna aliifunika kadi ile kwa kiganja cha kushoto kabla hajaisoma. Akamgeukia binti yake.

"Ngoja," alisema. "Nikwambie."