Mume Wangu wa Kazini

Mimi Triza mdomo wangu haufungwi, waulize majirani zangu hapa Mukuru kwa Reuben. Lakini hata mimi nilikosa la kusema siku niliyoambiwa kwamba mume wangu ni mpole.

Luseno, mpole? Huyu anayerusha sufuria chumvi ikizidi? Siku hiyo mtoto wetu Ayuma alikuwa ameungua mkono kwa uji, nikakimbia Industrial Area kumwita babake. Kwenye geti la kiwanda nilimwulizia Makokha, kwa sababu kazini ndilo jina lake.

Wacha nieleze. Makokha alikuwa kaka yake, mlokole hasa. Pasta alimwandikia barua ya sifa, kiwanda kikamwita kazini, lakini barua ya kumwita ilifika wiki mbili baada ya kumzika. Walifanana sana, basi Luseno akachukua barua na kipande cha marehemu, yaani kitambulisho chake, akaenda. Wengi huku wanafanya kazi kwa vipande vya ndugu zao. Mimi mwenyewe nilisema marehemu hahitaji jina kaburini.

Askari wa geti, mzee Obonyo, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shemeji, kumbe ndiwe? Makokha ni mpole, ndiye hutuamua tukigombana. Mke wangu alipolazwa alinishikia zamu nne, na hata soda alikataa."

Nakuambia ukweli, nilishikwa na wivu. Mwanamume kama huyo ningempenda, ila kwangu hajawahi kufika.

Jioni, mtoto akiwa ameshafungwa bendeji, nikamwuliza Luseno, "Huko kazini wewe huwa nani?"

Nilitegemea matusi, lakini alinijibu taratibu. "Mwanzo niliogopa tu kumharibia marehemu jina. Mtu akinichokoza, najiuliza, Makokha angefanya nini? Siku hizi hata sijiulizi."

"Na ukifika hapa?"

"Hapa mimi ni Luseno. Na Luseno mnamjua."

Wiki nzima nilifua nguo nikiwaza. Kama anaigiza, mtu ataigiza miaka sita bila kuchoka? Na kama haigizi, ni nani huyo hunitupia sufuria?

Mwaka huo, tisini na sita, serikali ilikuwa inabadilisha vipande. Kiwanda kikataka kila mfanyakazi alete kipya. Kwa chifu unapakwa wino vidole vyote, unataja jina, na jina hilo unakaa nalo mpaka ufe. Marafiki walimwambia ajiandikishe Makokha, karatasi za marehemu zipo. Hata mimi nilimwambia hivyo, sitajificha. Nina watoto watatu, na ukweli haupikwi ukaiva.

Ijumaa akarudi saa sita mchana, viatu vya kazi mkononi.

"Nimejiandikisha Luseno," akasema. "Halafu nikaenda kumwambia meneja. Wamenifuta kazi."

Nikawaka. Nilimwita mjinga, nikamwuliza kama amerogwa, nikamwuliza watoto watakula hiyo haki yake na mboga gani. Nikiongea nilikuwa narudi nyuma kuelekea mlangoni, maana najua mkono wake. Mkono haukuinuka.

"Uongo mmoja tu, baba Ayuma. Ulikushinda?"

"Makokha hakuwa mwongo," akasema.

Nikaketi kitandani. Kumbe aliyekwenda kwa meneja kusema yeye si Makokha ni Makokha. Luseno wangu angedanganya mchana kweupe na kiapo juu.

Sikujua la kufanya, nikampakulia ugali na sukuma. Akanawa, akala polepole. Mboga ilikuwa na chumvi nyingi, nilijua, kwa sababu niliipika nikiwa na hofu. Aliimaliza yote, akanisogezea sahani.

"Asante, mama Ayuma."

Miaka minane ya ndoa sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nikamkodolea macho, nisijue kama nianze kuililia kazi au nimkaribishe mgeni nyumbani.