Jani la Isale Juu ya Kigoda

Tangu mjukuu wake Violet aje kukaa naye Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Kornelia alikuwa hajaacha kushangaa. Kilichomshangaza kilikuwa simu ya mtoto. Kitu chembamba kama kipande cha sabuni kinachokaribia kwisha, lakini kilijua kuimba, kilijua kuandika, kilijua mvua itanyesha lini. Siku moja kikamwonyesha mdogo wake Thadeus, aliyeko Mwanza, akicheka meno yote nje, saa ileile anayocheka. Kornelia alikigusa kioo kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayegusa shavu la kichanga aliyelala. Yeye shule aliishia darasa la nne, akatolewa akachume kahawa, lakini hayo aliyoyaona yalimtosha kujua kwamba Mungu amewapa watu wa siku hizi akili ya kutisha.

Simu aliinunua Priska, mama yake Violet, anayefanya kazi kiwanda cha sukari kule chini kwenye joto. Alimpandisha mtoto mlimani asome sekondari, kwa sababu zamu za kiwandani zilimfanya amwache peke yake kutwa. Alipomkabidhi simu akampa na onyo, tena mbele ya watu ili lishike.

"Hii ni ya masomo. Nikisikia upuuzi wowote umetokea humo, nyundo naijua ilipo. Nitaanza na simu, nimalizie na wewe."

Watu wakacheka. Violet naye akacheka, ila yeye yale maneno aliyameza na mbegu zake.

Violet alikuwa mtoto wa kuongea. Akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, ameshamsimulia bibi yake ya darasani na ya njiani, na ya rafiki yake Gladness, msichana wa Marangu ambaye hawajawahi kuonana, huandikiana tu kwa simu. Kornelia aliuliza huyo Gladness ni wa ukoo gani. Mtoto akacheka mpaka akashika mbavu, akasema bibi jamani, mtandaoni watu hawaulizani koo. Kornelia akakubali. Kila nchi na desturi yake, na simu nayo aliiona ni nchi.

Halafu mtoto akanyamaza. Kiburu alichokuwa akikigombania, ndizi na maharage vimepondwa vikapondeka, akawa anakichokonoa tu na kijiko. Akitumwa majani ya ng'ombe hapiti tena barabarani, anajipenyeza migombani. Simu ikilia anashtuka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kornelia hakumbana. Ng'ombe mwenye hofu hakamuliwi kwa nguvu, maziwa atayazuia na teke utalipata. Akawa anakaa karibu naye, anamenya ndizi, anangoja.

Asubuhi moja ya Ijumaa alitoka zizini na ndoo ya maziwa, akakuta juu ya kigoda chake cha jikoni jani la isale, limefungwa fundo.

Isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kulikataa. Hata kama ana hasira ya kuchoma nyumba, akiliona anaweka panga chini. Anapokea kwanza, ndipo anauliza kosa. Mara ya mwisho Kornelia aliletewa na jirani yake Sirili, ng'ombe wake alipofyeka mahindi ya Kornelia. Mzee wa watu alilishika kwa mikono miwili kama anayepokea komunyo, na Violet alisimama mlangoni akimpiga picha na kuchekelea. Kumbe alikuwa anajifunza.

Kornelia akaitua ndoo. Mtoto wa simu, aliyezaliwa kwenye miwa, asiyejua Kichagga zaidi ya salamu, amekwenda mpakani peke yake na umande wake kuomba kinga ya wazee. Ni jambo gani limemfikisha huko?

Violet alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, na sare yake ya shule.

"Nimelipokea," Kornelia akasema. "Humu ndani hakuna wa kukugombeza tena. Kaa, useme."

Mtoto akasema. Gladness alimwomba picha, akampelekea, amesimama mbele ya migomba na mlima nyuma yake. Picha ya adabu, na kitambaa kichwani. Siku iliyofuata Gladness akamwandikia kwamba ameutazama ule mlima. Mawenzi iko mbele, Kibo imesogea kushoto, na mnara wa kanisa unachungulia chini. Basi wewe ni wa Kilema, na kwenu ni juu ya misheni. Kisha ikaja sauti, nayo ilikuwa ya mwanamume mzima. Ilimtaka ashuke Jumamosi mpaka Kiboriloni, kwenye mabanda ya mitumba, na asimwambie mtu. Asipokwenda, uso wake utabandikwa kwenye mwili usio wake, mwili usio na nguo, na shule nzima itaona. Na yeye mwenyewe atapanda, njia anaijua.

Jumamosi ilikuwa kesho yake. Violet alikuwa amekusudia kwenda. Alitaka tu kumwomba, alisema, ampigie magoti amwachie.

Kornelia alitoka nje akasimama uani. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yamefunguka na mlima umekaa wazi, theluji ya Kibo inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Alikuwa akiutazama tangu alipojua kutazama, akiwa na kuni kichwani, akiwa na mtoto mgongoni, na hakuwahi kufikiri kwamba nao unaweza kumtaja. Lakini ni kweli, kila kijiji kina uso wake wa mlima. Ukiwa Machame, Mawenzi huioni, Kibo imeifunika. Ukiwa Rombo, Mawenzi ndiyo inayosimama mlangoni. Mtu wa hapa akioneshwa mlima tu anakwambia umesimama wapi. Aliyeusoma hivyo hakuwa mgeni wa ng'ambo. Alikuwa mtu aliyekulia chini ya mlima huuhuu, labda anasalimiwa shikamoo sokoni kila siku.

Akarudi ndani. "Huendi," akasema, akakaa.

Violet alitaka kufuta kila kitu, simu ibaki nyeupe kama siku iliyonunuliwa. Kidole kilikuwa kimeshainuliwa. Kornelia akakishika.

"Mwizi akikanyaga shambani, unafagia nyayo zake kabla watu hawajaja kuziona?"

Mtoto akatikisa kichwa.

"Basi usifute hata neno. Wala usimjibu."

Hapo Violet akakumbuka waliyofundishwa shuleni, na vidole vikaanza kukimbia. Akayapiga picha maneno yote pamoja na namba ya yule mtu, akaihifadhi ile sauti, ndipo akamfungia asiweze kumwandikia tena. Akafunga na ukurasa wake, asiyemjua asiuone. Kornelia alimtazama kama anavyotazamwa mshonaji hodari. Hofu ilikuwa bado imemkaa mtoto usoni, lakini mikono ilikuwa imerudi kuwa yake.

"Mama asijue, bibi."

"Atajua. Ila atajulia hapa, nikiwepo."

Priska, aliyepigiwa aje upesi kwa jambo la simu ya mtoto, alifika mchana, na ovaroli ya kazini bado mwilini. Hakusalimia. Aliuliza simu iko wapi, macho yakizunguka jikoni kama anayetafuta chombo chake. Kornelia hakuinuka. Alilinyanyua tu lile jani kutoka mapajani.

"Mwanao ameleta isale nyumba hii."

Priska alizaliwa kwenye nyumba hiyo. Miguu ilimsita palepale. Akakaa, akasimuliwa yote, akaisikiliza na ile sauti mpaka mwisho, na jasho likamtoka ijapokuwa huku juu kulikuwa na baridi. Ndipo akamgeukia binti yake.

"Sasa mbona hukuniambia tangu siku ya kwanza?"

"Ulisema utaanza na simu, umalizie na mimi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kornelia akaongeza neno moja tu, kwamba isale hupelekwa na mkosaji, na yeye tangu asubuhi anatafuta kosa la huyu mtoto halioni. Kudanganywa si kudanganya.

Priska akainuka, akatokea mlango wa nyuma. Violet akamsogelea bibi yake, maana nyundo hukaa huko nyuma. Wakangoja. Aliporudi, viatu vyake vilikuwa na udongo wa mpakani, na mikononi ameshika jani la isale limefungwa fundo. Alilishika kwa mikono miwili. Akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, na ovaroli yake ya kiwandani, akampa mwanawe.

Kornelia alikuwa ameona mengi. Alikuwa ameona ndugu waliochinjana kwa maneno wakipatana kwa jani moja, na ameona watu wanaongea na Mwanza kupitia kipande cha kioo. Lakini mzazi kumpelekea mtoto isale hakuwahi kuona, wala kusikia. Hakujua kama wazee wangekubali. Alihisi tu kwamba jikoni mle kumekuwa kama kanisani, mtu hawezi kukohoa.

Violet alimtazama bibi yake, hajui afanyeje.

"Sema umelipokea," Kornelia akamnong'oneza.

"Nimelipokea, mama."

Jumamosi walishuka wote watatu, wakaipita Kiboriloni bila kuteremka, mpaka kituo cha polisi mjini, kwenye dawati la jinsia na watoto. Askari aliyewapokea aliitwa Eliza, mama wa makamo, mwenye sauti ya upole. Hakuwaahidi makubwa. Alisema namba itafuatiliwa, huenda ikachukua muda, na kwamba waliokuja mapema hivi ni wachache, wengi huja maji yakiwa yameshamwagika. Kisha akaomba aelezwe tangu mwanzo.

Priska akafungua mdomo, akaufumba. Akauweka mkono wake mgongoni kwa binti yake.

Violet akaiweka simu mezani, akaanza kusema. Alianza kwa sauti ndogo, ya kusikika mpaka ukingo wa meza tu, lakini kadiri alivyoendelea ikawa inapanda, mpaka askari wa meza ya pili akaacha kuandika akasikiliza, na Kornelia, mikono imelala mapajani, akawa anamtazama yule mtoto bila kupepesa.